Makufuli Matatu ya Tuhumani

Nchi ya Tuhumani haina mlinzi mpakani. Ina daraja moja tu, na kila anayelivuka hutazamwa na watu wote kwa pamoja, kwa hiyo kumlipa mlinzi mshahara kungekuwa anasa. Sikudhani Mbaruku, fundi wa kompyuta aliyeitwa huko kwa barua yenye mihuri saba, alilivuka asubuhi ya Jumanne akiwa na begi la vifaa mgongoni, na kabla hajafika ng'ambo alikuwa ameshafundishwa salamu ya wenyeji.

"Nani kakutuma?" aliulizwa na bibi mmoja, kwa upole ule ule ambao bibi wa kwao wangeulizia hali ya watoto.

"Nimeitwa na Masijala Kuu, shikamoo bibi."

"Marahaba, lakini si hivyo, mwanangu. Unanijibu, 'Na wewe nani kakuweka hapa?' Halafu kila mtu anakwenda zake kwa amani."

Mengine aliyaona njiani. Nyumba za Tuhumani zina madirisha upande mmoja tu, ule usiotazamana na jirani. Kinyozi humnyoa mteja wake huku mteja naye ameshika mkasi ulioelekea tumboni kwa kinyozi, na wote wawili wanazungumza habari za mvua. Chai ikimiminwa, vikombe hubadilishwa mara tatu kabla ya mtu kuonja, na mpaka hapo huwa imeshapoa, kwa hiyo watu wa Tuhumani hawajui kwamba chai ni kinywaji cha moto.

Katika ua wa Masijala Kuu walisimama watu kama mia moja wakisubiri vibali. Foleni hawana, kwa sababu hakuna anayekubali kuwa na mtu nyuma yake. Kila mmoja ameegemeza mgongo ukutani, ua mzima wamejipanga pembeni, katikati patupu, na anayehudumiwa ni yule ambaye wenzake wamechoka kumtazama.

Sikudhani alipokewa na Mheshimiwa Kindamba, Mkuu wa Tuhuma, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyevaa miwani mbili: moja usoni, nyingine kisogoni. Alimpeleka barazani akamweleza jambo lenyewe.

Nchi nzima ilikuwa na kompyuta moja ya mezani. Vibali vyote, vya kuzaliwa, vya kuoa na vya kuzikwa, vilipita humo na kusafiri kwa mtandao usio na waya. Na mtandao huo, kwa miaka sita, ulikuwa hauaminiki.

"Unakuja, unakwenda," alisema Mheshimiwa Kindamba. "Asubuhi upo. Saa nne haupo. Tumeshawavusha daraja, wasirudi tena, watu kumi na wanane na bado unakatika."

"Mliwavusha kwa kosa gani, Mheshimiwa?"

"La kukata mtandao."

"Mlijuaje kwamba ni wao?"

"Tuliwapima." Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri. "Na sasa tunaye wa kumi na tisa. Karani wa kompyuta mwenyewe, Hidaya Songoro. Tutampima keshokutwa, Alhamisi, saa tisa alasiri."

"Lakini kabla ya kumpima mtu, mashine mmeiangalia?"

Wazee wa Baraza waliokuwa wamekaa, kila mmoja na kona yake, waliinua nyuso. Mheshimiwa Kindamba alishusha sauti, akamsomea Sheria ya Kwanza ya Tuhumani, ambayo watoto huikariri kabla ya majina ya wazazi wao: Kitu hakikosi. Kitu kikiharibika, atafutwe mtu.

"Hukuitwa kutengeneza, Fundi," aliongeza. "Umeitwa kushuhudia. Kumvusha karani bila shahidi wa kigeni kungewapa watu wasiwasi."

*

Chumba cha kompyuta kilikuwa kidogo, na kila samani ndani yake iliegemea ukuta. Kompyuta ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kitambaa cheusi. Mbele yake aliketi mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kanga iliyofungwa kwa pini nne. Pembeni palikuwa na kigoda cha miguu mitatu chenye mafaili juu yake.

"Nani kakutuma?" aliuliza mwanamke yule.

"Na wewe nani kakuweka hapa?"

Bi Hidaya akacheka kidogo, kisha akaziba mdomo. "Umejifunza upesi. Karibu, mdogo wangu. Toa hayo mafaili uketi. Kigoda hicho ndicho kitu pekee humu ambacho hakijawahi kunishtaki."

Sikudhani alianza kama wanavyoanza mafundi wote duniani. "Tuizime, tuiwashe upya."

"Wee! Ni marufuku. Mtu akizima kompyuta anafuta ushahidi. Haijazimwa miaka sita."

"Basi tuuondoe huu mtandao kwenye orodha, tujiunge nao upya kwa neno la siri."

"Neno la siri silijui. Limegawanywa kwa watu watatu. Mmoja anaandika theluthi yake, wawili wanafumba macho na kugeukia ukuta, halafu wanabadilishana. Mara ya mwisho ilichukua siku nzima, kwa sababu wa tatu alidai wa kwanza hakufumba sawasawa."

"Na waya? Nina waya hapa, mita ishirini. Tukiunganisha moja kwa moja, shida imekwisha leo leo."

Bi Hidaya alimtazama kwa huruma. "Waya una ncha mbili, mdogo wangu. Ukishika moja, ya pili kaishika nani?"

Sikudhani aliinama chini ya meza. Kompyuta yenyewe haikuwa na kasoro. Antena yake ilikuwa mahali pake. Kwenye kioo, ile alama ya mtandao ilikuwa na mstari mmoja uliokuwa ukififia na kurudi, ukififia na kurudi. Mawimbi yalifika kwa shida, kama sauti ya mtu anayeita akiwa ndani ya pipa.

"Rauta iko wapi, kile kisanduku kinachorusha mtandao?"

"Ipo kifungoni. Kwenye kabati la chuma, ukumbini. Mwaka wa kwanza Baraza liliona vitaa vyake vinakonyeza, likauliza vinamkonyeza nani. Hapakuwa na jibu. Wakaifungia. Makufuli matatu, washika ufunguo watatu."

Fundi aliinuka kutoka chini ya meza akarudi kigodani. Alikuwa tayari amelijua tatizo, au alidhani amelijua, lakini alitaka uthibitisho, na hapo ndipo jicho lake lilipoangukia daftari dogo ambalo Bi Hidaya alilisukuma haraka chini ya kanga.

"Hilo ni nini?"

"Si kitu."

"Nionyeshe."

Lilikuwa daftari la saa. Kila mtandao ulipokatika, Bi Hidaya aliandika siku na dakika; kila uliporudi, aliandika tena. Miaka minne ya kazi yake ilikuwa humo kwa mwandiko wa wino wa bluu. Fundi yeyote angefurahi. Lakini Sikudhani alikuwa ameshinda Tuhumani tangu asubuhi, na alishangaa kusikia moyo wake ukisema: Kwa nini anazijua saa zote? Kwa nini analificha? Aligundua kwamba amekisogeza kigoda mpaka mgongo wake umegusa ukuta.

"Umeanza," alisema Bi Hidaya, kwa sauti isiyo na lawama.

"Nimeanza nini?"

"Kunitazama hivyo. Wote huanza hivyo." Akalifunga daftari. "Sikulificha kwa sababu nina hatia. Nililificha kwa sababu hapa kujua jambo ni nusu ya kulitenda. Lakini nisipoandika nitaanza kuamini kwamba ni mimi kweli. Unanielewa? Kuna siku mtandao umekatika nikajishika mikono yangu mwenyewe nikaitazama."

Kisha akamweleza, bila kuombwa, kuhusu baba yake. Mzee Songoro haoni. Katika nchi nzima ndiye mtu pekee asiyeweza kumshuku mwenzake kwa kumtazama, na kwa sababu hiyo watu wanamwogopa. Hakuna anayekubali kumshika mkono ila binti yake. Akivushwa daraja Hidaya, mzee atabaki ameketi pale alipomwacha.

Sikudhani aliona aibu. Alilichukua daftari akalisoma ukurasa kwa ukurasa, safari hii kama fundi. Katikati ya mwaka wa pili kulikuwa na siku kumi na moja tupu. Hakuna kukatika hata mara moja.

"Hapa palitokea nini?"

Bi Hidaya alifikiri. "Ilikuwa harusi ya binti wa Bi Mwanamize, Mshika Ufunguo wa Pili. Alisafiri kwa wakwe na ufunguo wake kiunoni, na kabati lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo kwa ukaguzi. Lisingeweza kufungwa. Sheria inasema kufunga kwa makufuli mawili ni sawa na kufungua. Likabaki wazi mpaka aliporudi."

"Na hao kumi na wanane? Walipimwaje?"

"Mshtakiwa anasimamishwa mbele ya kabati. Washika ufunguo wanafungua milango yote miwili ili aitazame rauta ana kwa ana. Mtu mmoja anakaa hapa kwenye kompyuta. Mtandao ukirudi, anapiga kelele, 'Upo!' Wanasema mhalifu akiletwa mbele ya mashine huogopa, na akiogopa huuachia mtandao."

"Kuna aliyewahi kupimwa asionekane na hatia?"

"Hata mmoja. Ndiyo maana wanasema kipimo ni kizuri."

*

Jumatano Sikudhani alikwenda barazani na kusema kweli. Alieleza kwamba mawimbi ya mtandao hayapiti kwenye chuma. Kwamba machache yanayofika kwenye kompyuta ni yale yanayotoroka kwenye tundu za funguo na nyufa za mlango. Kwamba mtandao hurudi wakati wa kipimo kwa sababu mlango umefunguliwa, na angeweza kusimama pale mtu yeyote.

Walimsikiliza kwa adabu. Kisha Mheshimiwa Kindamba akamgeuzia kisogo, ambayo kwa desturi yao ni kumtazama mtu kwa makini zaidi.

"Kwa hiyo kosa ni la yule aliyeiweka rauta kabatini."

"Kama ni lazima iwe kosa la mtu, ndiyo."

Karani wa kumbukumbu aliombwa asome ni nani aliyeiweka. Alisoma: Baraza zima, kwa kura, bila upinzani.

Sikudhani alisikia jinsi viti vinavyosikika vinaposogezwa taratibu kuelekea ukutani.

"Fundi," alisema Mheshimiwa Kindamba kwa sauti ndogo kuliko zote, "unalishuku Baraza?"

Aliwaza daraja. Aliwaza mama muuza maandazi wa ng'ambo ile, aliyemhudumia asubuhi ya Jumanne mgongo ukiwa ukutani, na sasa akajua kwamba ni mmoja wa wale kumi na wanane waliovushwa. "La," akasema. "Nilikuwa nafikiri kwa sauti."

Jioni alimsimulia Bi Hidaya, na kwa hasira akaapa kwamba kesho atamtaka Mheshimiwa Kindamba mwenyewe asimame mbele ya kabati, ili watu waone mtandao unavyorudi.

"Usithubutu," alisema Bi Hidaya. "Watakuvusha wewe saa tisa, na mimi saa tisa na robo. Wale hawatakubali kosa limwangukie mtu anayepiga kura."

Sikudhani aliketi chini kwa uchovu, kigoda kikalia chini yake. Akakitazama.

*

Alhamisi saa tisa ukumbi ulijaa, maana yake kuta zake zilijaa. Bi Hidaya alisimamishwa mbele ya kabati la chuma. Karibu naye alikuwepo baba yake, ameshika ncha ya kanga ya binti, na watu wamewaachia nafasi pana wote wawili. Washika ufunguo watatu walijongea: Bwana Kisebengo, mzee mwenye mzaha aliyeshika ufunguo wa kwanza, Bi Mwanamize, na wa tatu ambaye jina lake ni siri.

"Shahidi wa kigeni ana la kusema?" aliuliza Mheshimiwa Kindamba.

"Ninalo. Namshuku mwingine."

Ukumbi ulivuta pumzi kwa furaha.

"Kuna mtumishi wa Masijala," alisema Sikudhani, "ambaye amekuwa ndani ya chumba cha kompyuta miaka yote sita. Bi Hidaya ana miaka minne tu. Mtandao ulikatika kabla yake. Huyu mwingine alikuwepo mtandao ulipokatika mara ya kwanza na hajawahi kutoka. Hajawahi kuulizwa katoka wapi wala nani kamtuma. Na mimi mwenyewe nimemkuta anabeba mafaili ya siri." Akakiinua juu kigoda.

Wapo waliocheka. Mheshimiwa Kindamba hakucheka. "Kitu hakikosi," alisema. "Sheria ya Kwanza."

"Kama ni kitu, Mheshimiwa. Ndilo ninaloliuliza Baraza."

Mjadala ulichukua saa nzima, na Sikudhani alikiri baadaye kwamba hajawahi kusikia watu wenye akili nyingi kiasi kile wakizitumia kwa bidii kiasi kile. Mzee mmoja alisema mtumishi ni lazima awe na mdomo. Mwingine akamjibu kwamba mdomo haumo katika masharti ya ajira, na kwamba wapo watumishi ambao ingekuwa heri wasingekuwa nao. Bi Mwanamize alitaka kujua miguu mitatu ni mingi au michache. Mwishowe akasimama Bwana Kisebengo.

"Waheshimiwa, mimi nipo serikalini miaka thelathini na mbili. Hebu tukitazame hiki kigoda. Kinafika kazini kabla yetu, kinatoka baada yetu. Hakisemi kitu, hakifanyi kitu, kinakaliwa na kila mtu na hakipandishwi cheo. Kama huyu si mtumishi, basi nirudishieni ufunguo, kwa maana hata mimi si mtumishi."

Ikapigwa kura. Kigoda kilitambuliwa kuwa mtumishi wa daraja la chini, na kwa kuwa kilikuwa na miaka mingi kazini kuliko karani, kilistahili kupimwa kwanza.

Kikawekwa mbele ya kabati. Makufuli matatu yakafunguliwa. Milango ya chuma ikaachana kwa kelele, na ndani, juu ya rafu tupu, rauta ikaonekana imekaa peke yake ikikonyeza.

Kutoka chumba cha kompyuta ikasikika sauti: "Upo!"

Shingo zote zikageukia chumba cha kompyuta.

"Upo! Mistari yote! Vibali vinakwenda!"

"Kimeogopa," alinong'ona mtu ukutani, na kuanzia hapo hapakuwa na shaka tena. Na kwa kuwa sheria ya Tuhumani inatambua mkosaji mmoja kwa kosa moja, kwa maana wakiwa wawili inakuwa njama, na njama inahitaji Baraza kubwa zaidi ambalo nchi haina, Bi Hidaya akaambiwa arudi kazini kwake. Mzee Songoro aliisikia hukumu akauliza kwa sauti, "Kwisha?" Binti yake akamjibu, "Kwisha, baba," wakabaki wamesimama pale pale, kama watu wasiojua furaha huanzia mguu gani.

"Kigoda kivushwe daraja," alitamka Mheshimiwa Kindamba.

"Kivushwe?" Sikudhani alipaza sauti. Milango ya kabati ilikuwa karibu kufungwa, na wiki ijayo angetafutwa wa ishirini. "Mheshimiwa, ng'ambo ile wapo kumi na wanane. Mnataka kuwapelekea wa kumi na tisa mwenye uzoefu wa miaka sita? Kina miguu mitatu. Kitarudi."

Miwani ya mbele ikatazama, kisha ya nyuma. "Unapendekeza nini?"

"Kifungo cha maisha. Kiwekwe katikati ya milango ya kabati, nusu ndani, nusu nje. Rauta ikilinde, nacho kiilinde rauta. Hawataaminiana kamwe."

Wazo la vitu viwili kushukiana usiku na mchana liliwagusa sana wazee wa Baraza. Mmoja alipangusa macho. Kigoda kikasukumwa kati ya milango, na makufuli matatu, ambayo sasa hayakuwa na la kufunga, yakafungwa moja moja kwenye kila mguu wake. Washika ufunguo wakarudisha funguo viunoni. Kila mtu akaondoka akiwa na cheo chake.

Bwana Kisebengo alimpita Sikudhani karibu sana. "Binti," alisema bila kumtazama, "hata siku ya ile harusi nililiona jambo hili. Ila sikuwa na kigoda."

*

Miezi minane baadaye Sikudhani alipata ujumbe kutoka kwa Bi Hidaya, uliofika, kama alivyoona, kwa mtandao.

Mdogo wangu, aliandika, baba anakusalimu. Mtandao haujakatika hata siku moja, na watu wameanza kuingiwa na wasiwasi. Wanauliza nani anaushikilia. Lakini kubwa zaidi ni hili: kigoda kimeonyesha tabia njema. Hakijajaribu kutoroka, hakijalalamika. Baraza linakutana kesho kujadili kukisamehe. Kikitolewa, unajua milango itafanya nini. Tafadhali andika. Andika lolote baya.

Sikudhani aliketi kwenye meza yake nyumbani akaandika. Mwanzoni alitafuta maneno. Kisha yakamjia yenyewe, kwa wepesi uliomshtua. Alishuhudia kwamba anakifahamu kigoda kile. Kwamba alikikalia mwenyewe na kukisikia kikilia kwa hila. Kwamba ukimya wake si toba, ni subira ya mwenye mpango, na kwamba yeyote atakayekitetea achunguzwe. Aliusoma ujumbe tena, akauona mzuri, akabonyeza kutuma.

Haukwenda. Mtandao ulikuwa umekatika.

Aliinuka upesi akaenda dirishani kutazama ni nani anayepita. Jirani yake alikuwa anaanika nguo, akampungia mkono. Sikudhani hakumpungia. Alimtazama mpaka yule mama akashusha mkono wake na kuokota beseni.

Ndipo alipogeuka, akaiona rauta yake kwenye rafu, na mbele yake sinia kubwa la bati, alilolisimamisha hapo mwenyewe asubuhi baada ya kuliosha. Akaliondoa. Ujumbe ukaenda.

Mume wake aliporudi, aliuliza kwa nini sinia liko sakafuni. Sikudhani alisema hajui ni nani aliyeliweka pale.